Simu barabarani: Sheria yatazama mkono, hatari iko ubongoni

Katika barabara inayotoka Nyeri mjini kuelekea Wamagana, eneobunge la Tetu, ni jambo la kawaida kumwona mwendeshaji bodaboda aliyechomeka simu ndani ya helmeti, akielewana bei na mteja anayemsubiri kituo kinachofuata. Mikono yote miwili imeshika usukani na macho yanatazama mbele. Kwa wengi, huyo hajakosea lolote.

Sheria nayo haimsumbui sana. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizochapishwa mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Lakini anayenaswa kwa urahisi ni yule aliyeishika mkononi. Aliyeificha helmetini au anayetumia vipokea sauti vya masikioni hupita kizuizi cha polisi bila kuulizwa.

Utafiti kuhusu ubongo unaonyesha kwamba mkono si kiini cha hatari. Kazi mbili zinazohitaji fikira hazifanywi kwa wakati mmoja hata kama mtendaji anaamini hivyo. Ubongo huacha moja, ukashika nyingine, kisha ukarejea ya kwanza. Kila mruko una gharama yake.

Gharama hiyo ilipimwa zamani. Mwaka wa 1927, mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Jersild aliwapa watu hesabu za kujumlisha na kutoa kwa zamu, akaona wanachukua muda mrefu zaidi kuliko wanapofanya aina moja mfululizo. Mnamo 1995, Robert Rogers na Stephen Monsell, nchini Uingereza, walionyesha kwamba hata mtu anayejua mapema kuwa kazi itabadilika, na akapewa muda wa kujiandaa, bado huchelewa katika hatua ya kwanza ya kazi mpya.

Sababu iko katika jinsi ubongo unavyofanya kazi. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoshikilia lengo la wakati huo na kuzima yasiyohusika. Lengo likibadilika, ni lazima kanuni ya zamani izimwe na mpya iwashwe. Viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, vikisaidiwa na kemikali iitwayo dopamini, huamua ni kitendo kipi kiruhusiwe na kipi kizuiliwe.

Umuhimu wa sehemu hiyo ulidhihirika katika kazi ya Brenda Milner mjini Montreal, Canada, iliyochapishwa mwaka wa 1963. Wagonjwa waliokatwa kipande cha sehemu ya mbele ya ubongo ili kutibiwa kifafa walipewa kadi wazipange kwa rangi, umbo au idadi. Kanuni ilipobadilishwa kimyakimya, wengi waliendelea na ile ya kwanza ingawa waliambiwa kila mara kwamba wamekosea.

Uwezo wa kuhamisha fikira si adui wa dereva, bali ni silaha yake. Katika miinuko na kona zinazoshuka kutoka Milima ya Aberdare, dereva huhama kila wakati kutoka barabara hadi kioo cha nyuma, kutoka lori lililo mbele hadi mtoto aliye kando ya shamba. Simu huja kunyang'anya uwezo huo huo. Njia mbili zilimshinda fisi, na dereva hana miguu ya kumzidi fisi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, kikomo cha kasi cha matatu ni kilomita 80 kwa saa. Kwa kasi hiyo, gari hupita takriban mita 22 kila sekunde. Fikira zikichelewa kurudi barabarani kwa nusu sekunde tu, mita 11 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki.

Majaribio ya David Strayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, yalibainisha kuwa wanaozungumza kwa simu isiyoshikwa mkononi hawakuwa salama kuliko wanaoishika. Wengine walielekeza macho kwenye kitu kilichokuwa barabarani, lakini baadaye hawakukumbuka kukiona. Katika utafiti wao wa mwaka wa 2010, ni asilimia 2.5 tu ya washiriki walioweza kuendesha na kuzungumza bila kudhoofika.

Huenda mtu akauliza: je, dereva hazungumzi na utingo? Huzungumza, lakini utingo anaiona barabara. Kona kali ikitokea, hunyamaza au humtahadharisha dereva. Mteja aliye upande wa pili wa simu haoni chochote, naye huendelea kudai jibu.

Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25, na hudhoofika kwa ukosefu wa usingizi. Waendeshaji bodaboda wengi ni vijana, na wahudumu wa matatu huamka kabla ya alfajiri.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya mwaka wa 2023, na idadi ikawa hivyo tena mwaka wa 2024. Si vifo vyote vilivyoletwa na simu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali mara nne zaidi ya asiyeitumia.

Faini pekee haitatosha, kwa kuwa mwendeshaji asiyepokea simu hupoteza mteja, na pamoja naye unga wa siku hiyo. Vyama vya bodaboda na matatu vinaweza kumteua mtu kituoni wa kupokea simu za wateja. Kanuni nazo zinafaa kutaja wazi mazungumzo yenyewe, si kifaa kilichoshikwa tu. Mteja naye ana wajibu: akisikia mngurumo wa pikipiki, akate simu na asubiri. Kumchelewesha mwendeshaji dakika tano hakumgharimu mtu uhai.