Tusizizulie Silaha Kongwe Nasaba

Miezi michache iliyopita nilialikwa na mwalimu mmoja, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, kwenda Ozi, kijiji kilicho karibu na mahali mto Tana unapoingia baharini. Nia yangu ilikuwa kusikiliza jinsi wazee wanavyotaja zana za kilimo na uvuvi. Nilikwenda kutafuta maneno, nikaonyeshwa bastola.

Mzee mwenyeji wetu aliitoa sandukuni ikiwa imefungwa katika kitambaa, pamoja na pembe ya baruti na kikebe cha bati cha kuwekea fataki. Alitueleza kwamba mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale amekwisha kumtembelea mara mbili. Kwa maneno ya mfanyabiashara huyo, vitu hivyo vitatu ni vya mtu mmoja: ni bastola ya afisa wa Kijerumani iliyotekwa Witu mwaka 1890, pamoja na vifaa vyake. Bei aliyoitaja ingetosha kulipa karo ya mjukuu wa mzee huyo hadi amalize shule ya sekondari. Mzee akanitazama, akasema, "Mwalimu, wewe mwanangu umesoma. Hebu niambie kama haya ni ya kweli."

Ni lazima nikiri kwamba hadithi yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Witu hauko mbali na Ozi, na historia yake inajulikana. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, waliuingiza usultani wa Witu chini ya himaya ya Ujerumani. Julai 1890 Ujerumani ikauachia Uingereza katika mapatano ya Heligoland na Zanzibar. Septemba mwaka huo huo Mjerumani Andreas Küntzel, aliyefika huko kwa kazi ya mbao, aliuawa Witu pamoja na wenzake. Mwezi uliofuata Waingereza, wakiongozwa na Admirali Edmund Fremantle, waliteremsha majeshi Kipini, jirani kabisa wa Ozi, wakaenda kuuteketeza mji wa Witu. Mapigano yalirudi tena Agosti 1893, huko Pumwani na Jongeni. Mahali palipopitiwa na mambo kama hayo pana haki ya kuwa na silaha za enzi hizo. Na hapo ndipo ilipo hatari, kwani uongo unaouzika ni ule uliojengwa juu ya msingi wa kweli.

Basi tukaanza na bastola yenyewe. Ilikuwa ya aina ile yenye kijipipa kinachozunguka, nayo kutu ilikwisha kuigandisha. Ubavuni palikuwa na chapa ndogo: herufi ELG juu ya nyota, ndani ya mviringo mfano wa yai, na juu ya mviringo huo taji. Hiyo ni chapa ya mji wa Liège, Ubelgiji, inayothibitisha kwamba silaha imejaribiwa kwa baruti na haikupasuka. Mafundi wa Liège walitengeneza bastola za namna hiyo kwa wingi na kuziuza duniani kote. Sasa, jambo kubwa ni lile taji. Liège haikuanza kulitia juu ya mviringo ila mwaka 1893. Silaha yenye taji hilo haikuweza kutekwa Witu mwaka 1890, kama vile barua haiwezi kufika kabla ya kuandikwa. Isitoshe, jeshi la Ujerumani wakati huo lilikuwa na bastola zake rasmi, za mwaka 1879 na 1883, na hii haikufanana nazo.

Ama kuhusu vifaa, havikuhitaji hata kioo cha kukuzia. Bastola ile hula risasi zenye maganda, ambazo baruti na fataki zimo ndani yake tayari. Pembe ya baruti itaifaa nini? Kikebe cha fataki kitaifaa nini? Ni sawa na kumuuzia mtu taa ya umeme pamoja na kibuyu cha mafuta ya taa, ukaapa kwamba vilitoka kiwandani pamoja.

Hata hivyo, ushahidi ulionigusa zaidi haukuwa wa chapa. Ulikuwa wa maneno. Nilimwomba mzee anitajie kila kitu kwa jina lake na kazi yake. Akaishika pembe, akasema, "Hii ni ya gobori la babu. Baruti unaitia kiasi, unashindilia kwa mdeki, halafu unaweka fataki. Alikuwa akilinda mpunga, viboko wasiumalize." Kisha akaigusa bastola kwa kidole kimoja. "Hii ni ya marehemu baba. Alikuja nayo kutoka Lamu, alipoacha ubaharia. Haina mdeki hii."

Katika sentensi chache mzee huyo alikuwa ametenganisha alichokiunganisha mfanyabiashara. Msamiati wa pembe ulikuwa wa gobori. Msamiati wa bastola ulikuwa mwingine. Na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe na njia yake ya kufika Ozi. Nikamuuliza kama alimweleza mgeni wake haya yote. Akajibu, "Hakuniuliza."

Wasomaji wangu, walimu na wanafunzi, hilo jibu la neno moja ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumezoea kudhani kwamba ukweli wa kitu cha kale huthibitishwa na mtaalamu kutoka mbali. Mtaalamu ana kazi yake. Ndiye ajuaye kwamba bunduki nyingi za gumegume zilibadilishwa baadaye ili zitumie fataki, na kwamba matundu yaliyozibwa ubavuni huyafichua mabadiliko hayo. Ndiye ajuaye pia kwamba Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, hata mtindo uliokwisha kufa Ulaya ukaendelea kuletwa kwetu. Kwa hiyo umbo la zamani pekee si hoja. Lakini ni nani angemwambia mtaalamu huyo habari za mpunga na viboko? Chapa hueleza silaha ilikotoka. Ni kinywa cha mwenyewe kinachoeleza ilifanya nini ilipofika.

Maneno yenyewe nayo yanapotea. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inao mdeki. Muulize kijana wa leo mdeki ni nini. Gumegume analifahamu, lakini kwa maana ya mtu asiyefaa kitu, wala hajui kwamba ni bunduki ya jiwe la kiberiti.

Yuko atakayeniuliza: hadithi nzuri isiyo ya kweli inamdhuru nani, ikiwa mnunuzi ameridhika na mtoto amekwenda shule? Swali hilo silidharau, maana nilipomweleza mzee niliyoyaona nilijua ninakata tarakimu katika karo ya mtoto. Lakini dhara lipo. Hadithi ya afisa wa Kijerumani ingemfuta babu aliyelinda shamba lake na baba aliyekuwa baharia, ikaweka mahali pao mgeni ambaye hakuwako. Watu wa Ozi wangebaki katika historia yao wenyewe kama mashahidi wa vita vya wengine.

Liko pia suala la sheria. Silaha, hata iliyoliwa na kutu, si pambo la kuuziana gizani. Ipo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na eneo lililoonja umwagaji damu wa 2012 na 2013 lina kila sababu ya kuiheshimu. Bastola ile mzee mwenyewe aliipeleka kwa chifu, nasi tukafuatana naye. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakitolewi nchini bila kibali. Tazameni kinyume kilichopo: bastola iliyotajiwa bei kubwa huenda isiifikie tarehe hiyo, hali pembe iliyotupiwa humo kama kiongezo huenda ikaipita.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, makavazi yetu na serikali za kaunti ziwe na fungu la kumtunza mwananchi anayeleta kitu cha kale pamoja na habari zake za kweli, ili ukweli usiwe hasara kwa maskini. Pili, walimu wa Historia na wa Kiswahili wawatume wanafunzi wao kwa wazee wakiwa na daftari: kitu kinaitwaje, sehemu zake zinaitwaje, kilikuwa cha nani, kilifikaje. Wasikisugue, wasikifyatue, maana gobori la kale laweza kuwa lingali limeshindiliwa. Waandike tu, na waandike kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Wahenga walisema ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Kule Ozi ulidhihiri siku mzee alipoulizwa. Pembe ya babu yake ingali sandukuni, na jina la mdeki limo daftarini mwa mjukuu. Karo yake bado haijapatikana yote.