Nani Atathubutu Kumwambia Mkubwa?

Ndugu msomaji, wewe mwenye dhamana ya kuongoza watu kazini, uwe meneja wa kiwanda kizima au kiongozi wa zamu mwenye watu watano tu, jiulize leo jioni swali hili: mara ya mwisho mtu aliye chini yako kukuletea habari mbaya ilikuwa lini? Sisemi habari ya msiba. Nasema habari ya kazi: mashine imeanza kutoa mlio usio wa kawaida, hesabu ya ghalani hailingani na vitabu, mzigo uliopakiwa jana siyo ule ulioagizwa. Ikiwa ilikuwa juzi, una bahati. Ikiwa miezi sita imepita na meza yako haijafikiwa na habari ya namna hiyo, usijipongeze hata kidogo, kwa maana hakuna kazi ya binadamu iendayo miezi sita bila kasoro. Kasoro zipo. Zinazungumzwa kwa mama ntilie wakati wa chakula cha mchana, zinazungumzwa ndani ya daladala, wake na waume wanazisikia nyumbani. Wewe peke yako ndiwe usiyezijua.

Siku hizi semina za uongozi ni nyingi. Watu huketi hotelini siku tatu, wakaandikiwa sifa kumi za kiongozi bora, wakanywa chai, wakapiga picha ya pamoja na kurudi na cheti. Mimi sina ugomvi na semina. Lakini katika sifa zote hizo kumi aghalabu huikosi ile ya kusema vizuri mbele ya watu, na huikosa ile ya kusikia vizuri jambo usilolipenda. Nami nashikilia kwamba nguvu ya kikundi cha kazi imo humo, katika dakika ile moja ambapo mdogo anamletea mkubwa habari mbaya na wenzake wote wanatazama atajibiwaje.

Chukua mfano wa karakana ya mabasi. Dereva anarudi jioni na kumwambia msimamizi kuwa breki zinachelewa kushika. Msimamizi amechoka, na gari lile limekwisha pangiwa safari ya alfajiri. Anajibu: "Kazi yako ni kuendesha, ufundi tuachie wenyewe." Maneno saba tu. Hakumtukana mtu wala hakumkata mshahara. Lakini somo limekwisha kuingia, tena si kwa dereva peke yake. Utingo amesikia. Fundi aliyelala chini ya gari la pili amesikia pia, na juma lijalo akiona ufa katika chuma atakaza nati zake na kwenda zake nyumbani. Kikundi huvunjika namna hiyo, bila ugomvi wala kelele. Salamu za asubuhi zitaendelea kama kawaida, na michango ya harusi na misiba itatolewa. Kilichokufa ni ile imani kwamba kusema kunafaa kitu.

Kuna kisa kimoja cha ng'ambo ambacho wanaochunguza mambo ya kazi wamekiandika sana, nami nakipenda kwa sababu ndani yake watu hawakubadilika, bali uongozi. Huko Fremont, katika jimbo la California, Marekani, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari kilichosifika kwa ubaya. Utoro ulikuwa mkubwa hata siku nyingine mtu mmoja kati ya watano hakuonekana kazini. Pombe ilinywewa humo humo kiwandani, na malalamiko ya wafanyakazi yalirundikana kwa maelfu. Sheria kuu ya mahali pale ilikuwa moja: mstari wa magari usisimame. Gari likipita na bolti isiyokazwa, liache lipite. Litarekebishwa mwishoni, uani. Mwaka 1982 General Motors walikifunga kiwanda hicho.

Mwishoni mwa 1984 kiwanda kile kile kilianza tena kutoa magari, safari hii kwa ubia na kampuni ya Toyota ya Japani, ambayo ndiyo iliyoshika usimamizi. Sehemu kubwa ya wafanyakazi, kiasi cha asilimia 85 ya wale wa mwanzo, walikuwa ni wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Ndani ya miaka miwili hivi ubora wa magari yao ulikaribia ule wa kiwanda cha Toyota cha Japani kilichounda magari ya aina hiyo hiyo, na utoro ukashuka hadi asilimia tatu au nne.

Kilichofanyika kilikuwa ni nini? Mengi, lakini hebu tutazame kamba. Juu ya mstari wa magari ilipitishwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, aliruhusiwa kuivuta aonapo kasoro. Akiivuta, taa inawaka, muziki mdogo unalia, na kiongozi wa kikundi chake anakuja mbio. Haji kuuliza nani ameharibu. Anauliza kuna nini, nikusaidie vipi. Wakilimaliza tatizo kabla gari halijafika mwisho wa sehemu yao, mstari unaendelea. Wasipolimaliza, mstari unasimama, na kusimama huko kunagharimu fedha nyingi kila dakika. Kampuni ilikubali gharama hiyo kwa sababu ilijua kwamba kasoro iliyofichwa gharama yake ni kubwa zaidi. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa habari ya maradhi: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Vikundi vyenyewe vilikuwa vidogo, watu watano hadi saba na kiongozi wao. Kiongozi huyo alikuwa mfanyakazi kama wenziwe na mwanachama wa chama chao. Hakuwa na madaraka ya kumwadhibu mtu. Alifundisha wageni, alishika nafasi ya asiyekuja, na aliitikia kamba. Wakubwa nao waliondolewa chumba chao cha pekee cha kulia na nafasi zao maalumu za kuegesha magari. Hayo huweza kuonekana madogo, lakini mtu aliyekula nawe meza moja mchana hasiti sana kukwambia jambo saa tisa.

Lipo jambo jingine ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki hulipita haraka. Mkataba wao wa kazi uliahidi kuwa watu hawatapunguzwa ila kampuni ikiwa katika dhiki kubwa, na kwamba hata hapo mishahara ya wakubwa itaguswa kwanza. Mwaka 1988 magari yao yalikosa wanunuzi, kiwanda kikafanya kazi chini ya uwezo wake, na bado hakuna aliyeachishwa; waliokosa kazi mstarini walipelekwa mafunzoni au kutafuta njia bora za kufanya kazi. Pima mwenyewe, msomaji. Ni mfanyakazi gani atakayemwonyesha meneja kwamba kazi ya watu sita yaweza kufanywa na watu watano, ikiwa anajua huyo wa sita atakuwa yeye?

General Motors walijaribu kuupeleka utaratibu huo katika viwanda vyao vingine, kikiwamo cha Van Nuys, huko huko California. Haukushika. Mameneja waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka mlangoni, kwa hiyo aliyesimamisha mstari alionekana adui. Na wafanyakazi kwa upande wao waliuona mpango mzima kuwa ni mtego wa kuwanyang'anya haki zao za ukongwe kazini. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1992. Kamba hununuliwa dukani, imani hainunuliwi. Kile cha Fremont nacho kilidumu hadi Aprili 2010, baada ya General Motors kufilisika mwaka 2009 na kujitoa katika ubia. Kikundi kizuri hakimkingi mtu na maamuzi yatokayo juu kabisa, na sitaki kukudanganya kuwa kinaweza.

Mahali pengine kimya cha mdogo hugharimu roho za watu. Tarehe 27 Machi, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa umetanda na ndege mbili kubwa za abiria zilikuwa katika njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, mtu wa kuheshimika sana katika shirika lake na mkufunzi wa marubani, alianza kuruka pasipo ruhusa. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege ya Pan American ilikuwa haijatoka njiani. Alijibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye hakurudia tena. Watu 583 walikufa. Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofuata, mashirika ya ndege, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980, yaligeuza mafunzo yao: rubani msaidizi akafundishwa kusema wazi na kurudia, na rubani mkuu akafundishwa kusikia.

Wala jambo hili si geni kwetu. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ukamkataza kiongozi kiburi, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliisoma ibara hiyo vizuri kuliko walivyotazamia mameneja wao. Katika migomo mingi iliyofuata hadi 1973 lalamiko kubwa halikuwa mshahara, bali namna wakubwa walivyosema na watu. Baadhi ya migomo hiyo iliishia kwa wafanyakazi wenyewe kufukuzwa, na mabaraza mengi yakabaki kuwa mahali pa kusomewa taarifa. Somo nilionalo mimi ni kwamba haki ya kusema iliyoandikwa karatasini huhitaji mtu wa kuisikia, na huyo haumbwi kwa waraka.

Basi huumbwaje? Huanza na uso. Karani kijana anaingia ofisini na kusema, "Samahani mzee, naona nimelipa hati moja mara mbili." Kabla hujafungua kinywa amekwisha kuusoma uso wako. Ukimwambia, "Nani alikufundisha kazi?" umepata nafasi ya kutoa hasira, na umepoteza hati kumi zijazo. Ukimwambia, "Umefanya vema kuja mapema. Hati ipi?" mnaanza kuitafuta fedha pamoja. Karipio, kama linastahili, litangoja kesho, mkiwa wawili. Sisemi mwizi afichwe au mlevi abembelezwe; nidhamu ni nidhamu. Nasema aliyekosea akaja mwenyewe asiadhibiwe kuliko aliyekosea akanyamaza, maana ukifanya hivyo umewaajiri wote wawe wanyamazaji.

Tena mjibu aliyekuletea neno, hata kama jibu ni hapana. Mwanamke wa cherehani aliyesema taa ni hafifu, na miezi miwili hakusikia lolote, hatakwambia sindano zinapokatika. Mwambie, "Fedha za taa hazipo hadi Julai, ila tutasogeza meza yako dirishani." Ameona maneno yake yamefika mahali.

Hapa twagusa mila zetu. Adabu inamfundisha kijana asimkosoe mtu mzima mbele za watu, na wanawake wengi wamelelewa kunyamaza mahali walipo wanaume. Adabu hiyo ni nzuri, sitaki ivunjwe. Lakini kwa sababu ipo, ni juu ya mkubwa kufungua mlango, kwa kuwa mdogo hawezi kuufungua kwa nje. Katika mkutano waulize kwanza wadogo kabisa, kisha wazee, na wewe useme mwisho. Ukitangulia wewe, watakaofuata wote watakubaliana nawe, hata ukiwa umepotea.

Nawe mfanyakazi usiye na cheo, una sehemu yako. Peleka jambo likiwa na mwili: mashine ipi, tangu saa ngapi, umejaribu nini. Lipeleke kwa mwenye uwezo wa kulitengeneza, wala usilizungushe kwa wenzako hadi liwe majungu. Na mwenzako akithubutu kusema, msimwache peke yake kama aliyeota pembe.

Kesho ni Jumatatu. Kabla mashine hazijawashwa, wakusanye watu wako dakika tano wakiwa wamesimama, uwaulize juma lililopita ni nini kiliwakwamisha. Yamkini hakuna atakayesema, watatazamana na kutazama viatu vyao. Usikijaze kimya hicho kwa hotuba. Waulize tena Jumatatu ya pili, na ya tatu. Siku moja mmoja wao, pengine yule usiyemdhania, atataja jambo dogo tu la kukupima, labda taa ya chooni iliyoungua. Hakikisha kuwa taa hiyo inawaka kabla zamu yao haijatoka.