NYIMBO ZA WATU WOTE AU NYIMBO ZA WATU WATANO?



Mmekwisha kuona karatasi kwenye mlango wa sale ya mikutano: sherehe ya wafinalisti itakuwa tena na karaoke. Wengine wamefurahi, wengine wamenung'unika. Mzee Prefe amesema ataamua kisha kusikia mawazo ya shule. Basi sisi wa bulteni tumeona afadhali tuyaandike hapa, maana kusemea kwenye korido hakujengi kitu.

Kwanza tuseme yaliyopita mwaka jana, juu wengi wanayasimulia vibaya, hata waliokuwa ndani.

Mwaka jana wenzetu watano ndio walitengeneza liste ya nyimbo. Kwa kazi hatuwalaumu. Walitafuta bafle mbili, mikro na kompyuta, na mega walilipa wao wenyewe. Lakini nyimbo zote 22 zilitoka katika telefoni zao: Kiingereza cha Nigeria, Kifaransa cha Paris, Lingala ya Kinshasa ya mwezi ule. Ikafika zamu ya mwaka wa kwanza wa humanite. Mwenzetu mmoja msichana, ambaye vita ilimleta kwetu katikati ya mwaka kutoka upande wa Masisi, akasukumwa mbele na rafiki zake. Akashika mikro. Maneno yakaanza kupita ukutani, yeye akayatazama tu. Akauliza kwa sauti ndogo: "Hamuna ya Kiswahili?" Sale nzima ikacheka. Na sisi tunaoandika hapa tulicheka, tusijifanye watakatifu. Akarudisha mikro, akatoka. Tangu siku ile hajakanyaga tena kwenye kwaya ya Alhamisi, yeye ambaye kwaya ilimtegemea kwa sauti ya pili.

Kisha nusu saa hivi umeme ukakatika, kama kawaida yake. Giza, bafle kimya. Hapo mtoto mmoja wa darasa la saba, bila kuombwa na mtu, akaanzisha wimbo ule tunaoimba tukibeba mawe siku ya salongo. Watu wakaitikia. Walimu wakaitikia. Mzee Prefe alikuwa anapiga meza (atukane akitaka, tulimuona). Na yule mwenzetu alikuwa mlangoni anaitikia na yeye. Tuliimba nyimbo tano, sita hivyo. Umeme uliporudi, wale watano wakawasha kompyuta, wakaendelea na namba 14 sawa vile hakuna kitu kilichopita.

Njo hapo shida yetu yote iko.

Kuna wakubwa wanaosema karaoke ni kitu cha baa, haifai shule ya Kiprotestanti. Tusifiche: ni kweli ilizaliwa baa. Huko Japani, mji wa Kobe, mpiga kinanda mmoja jina lake Inoue Daisuke alikuwa anasindikiza wateja walipotaka kuimba. Mteja mmoja, mkubwa wa kampuni, akamwomba amfuate safarini. Inoue hakuweza kwenda, basi akamrekodia muziki kwenye ukanda, muziki peke yake bila mwimbaji. Kutoka hapo, mwaka 1971, akatengeneza mashini za kukodisha. Hakuandikisha haki ya uvumbuzi wake, kwa hiyo utajiri ulikwenda kwa wengine. Na kabla yake, mwaka 1967, Negishi Shigeichi wa Tokyo alikuwa amekwisha kutengeneza mashini ya namna ile. Negishi alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 100. Neno lenyewe ni nusu la Kijapani: kara ni tupu, oke ni kipande cha neno orkestra. Orkestra tupu. Wanamuziki wapo, nafasi ya mwimbaji iko wazi, na yeyote anaweza kuijaza.

Lakini hoja ya baa Wajapani wenyewe waliijibu zamani. Mwaka 1985, mkoa wa Okayama, mtu alichukua kontena ya mizigo akaigeuza kuwa chumba cha kuimbia. Kontena, wandugu, kama zile zinazogeuzwa butike hapa kwetu Goma! Vyumba hivyo vikaenea nchi nzima, na wanafunzi na jamaa wakapata mahali pa kuimba bila kupita mbele ya chupa. Basi tusiseme mashini ndiyo mlevi.

Kinachotupendeza sisi zaidi ni nyimbo wanazochagua. Vijana wa kule wana nyimbo ambazo zikianza tu, chumba kizima kinasimama. Mmoja ni "Linda Linda" wa kundi la The Blue Hearts, wa mwaka 1987. Kwa masikio yetu ya Kiswahili ni kama mtu anamwamuru sentinele, lakini linda ni neno la Kihispania, maana yake mrembo. Unaanza polepole, mtu mmoja karibu anasema tu, halafu ghafla unalipuka na wote wanaruka. Hauombi sauti nzuri. Anayeimba vibaya anauimba sawasawa na anayeimba vizuri, na kiitikio mtu anakishika mara ya kwanza anapokisikia.

Mwaka 2005 Yamashita Nobuhiro alitoa filamu juu ya wimbo huo, inaitwa "Linda Linda Linda". Wasichana wa sekondari wanataka kupiga nyimbo za The Blue Hearts kwenye sikukuu ya shule, siku zimebaki chache, na mwimbaji hawana. Wanamchukua mwanafunzi mgeni kutoka Korea ambaye Kijapani chake ni cha kubahatisha. Yule mgeni anakwenda peke yake kwenye chumba cha karaoke kujizoeza. Kisha tunamwona jukwaani, mvua inanyesha nje, shule inaruka. Tuliitazama watatu kwenye telefoni moja, yenye kioo kilichopasuka, na hatukusema kitu mpaka mwisho. Wote watatu tulikuwa tunamfikiri mtu mmoja.

Yeye pia alikuwa mgeni. Yeye pia Kifaransa chake na Lingala yake ni vya kubahatisha. Lakini wale walimpa mgeni wimbo na siku za kujizoeza. Sisi tulimpa mikro tu, halafu tukacheka.

Mwalimu mmoja tunayemheshimu sana ana neno lingine. Anasema vijana wanaimba wasichokielewa, kama kasuku. Anatukumbusha wale wavulana wa mwaka wa tatu wanaoimba "Blue Bird", wimbo wa katuni ya Naruto, Kijapani kutoka mwanzo mpaka mwisho, wala hawajui hata neno moja. Ni kweli, na inachekesha. Lakini, Mwalimu, tusamehe: mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz walitoa "Indépendance Cha Cha" kule Brussels, kwa Lingala, na watu waliucheza mpaka nchi ambazo hakuna aliyejua Lingala. Walijua habari yake, ikatosha. Na Wamarekani mwaka 1963 waliufikisha namba ya kwanza wimbo wa Kijapani wa Sakamoto Kyu, na kwa kuwa jina lake lilionekana gumu kutamka uliitwa "Sukiyaki", ambayo ni nyama ya kupika kwenye sufuria. Wimbo wenyewe unasimulia mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasidondoke. Nyama haimo.

Hata hivyo, kipande kimoja cha neno la Mwalimu tunakikubali. Mwaka jana tuliimba kwa sauti kubwa, mbele ya wazazi, wimbo mmoja wa Lingala ambao kesho yake mama mmoja mpishi alitufasiria. Haya ilitushika. Basi walimu wawili wanaojua Lingala vizuri wasome liste mapema, na watakalolikata, likatwe bila mjadala.

Ila kukata peke yake haitoshi. Liste inaweza kuwa safi kabisa na bado ikawa ya watu watano. Tunaomba kila darasa lilete nyimbo mbili, na mmoja kati ya hizo uwe ule ambao darasa zima linaujua bila kusoma ukutani. Uwe wa Kiswahili, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kishi, Kirega, wowote. Tunajua wengine watasema, "Ah, wimbo wa kijijini mbele ya wageni?" Ndiyo, mbele ya wageni. Wanaosema hivyo mwaka jana umeme ulipokatika waliimba kuliko sisi.

Na muziki wake utatoka wapi, kama mtandaoni haupo? Tumeuliza wapiga gitaa wawili wa kwaya. Wako tayari kurekodi gitaa na ngoma kwenye telefoni, Jumamosi mbili, saa ya kufua nguo. Inoue mwenyewe hakuanza na kitu zaidi ya hapo.

Wale watano tumeongea nao. Watatu wamekubali, mmoja anafikiri, mmoja amekasirika na anasema tuchukue bafle za nani tutaona. Tunamwambia hadharani: ndugu, bafle zako tunazihitaji, na nyimbo zako mbili za darasa lako zinakungoja.

Yule mwenzetu hatukutaka kuandika habari zake bila ruhusa. Tulikwenda watatu kumwona nyuma ya maktaba, tukamwomba msamaha, tukamsomea ukurasa huu. Alitusahihisha pahali pawili. Tulipomuuliza kama ataimba mwaka huu, alisema kwanza aone liste.

Karatasi iko kwa mwalimu wa zamu mpaka Jumatano saa sita. Kwa jenereta tunatafuta litre tano za mafuta na kamba ndefu ya umeme. Aliye nayo amwone kapita wa darasa lake.