Chai ya saa nne uliinywea wapi?

Hebu jiulize, msomaji: leo chai ya saa nne uliinywea wapi? Wagonjwa wangu wengi wanaofanya kazi ofisini hunijibu, "Pale pale mezani, daktari." Ndio hao hao wanaokuja na maumivu ya shingo, usingizi haba na presha iliyopanda.

Nchini Sweden mapumziko ya kahawa huitwa fika. Watu huacha kazi, wakaenda kuketi pamoja, mkubwa na karani meza moja. (Keki zao siwasifii.) Sisi chai tunayo tangu zamani, tulichopoteza ni kule kuinuka na kuzungumza na wenzetu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi huzidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Chai pekee haiponyi hilo. Saa zenyewe lazima zipunguzwe. Lakini mwajiri aweza kuanza kesho: meza moja, viti vichache, mbali na simu. Kisha awe wa kwanza kuketi, maana bosi asipoinuka, karani hathubutu.