KADI MPYA, LAKINI HASARA NI YA NANI?



Mwisho wa mwezi ukifika, tazameni mistari ya watu mbele ya mashine za pesa kando ya Jogoo Road, Buruburu, Donholm na Umoja. Kila mtu ameshika kadi. Siku hizi mshahara wa mtu wa kiwandani haupiti tena kwa karani mwenye bahasha. Huingia benki, na mlango wa kuutolea ni kadi hiyo. Kwa hiyo habari ya kadi si habari ya mabenki peke yao. Ni habari ya mshahara, na habari ya mshahara ni habari ya Chama.

Yafaa ijulikane tangu mwanzo kwamba hatuipingi chipu. Kadi za zamani zilitegemea ukanda mweusi wa sumaku ulio mgongoni. Ukanda ule husema maneno yale yale kila siku, na kila anayeusoma aweza kuunakili. Mwizi alibandika kifaa kidogo kwenye mdomo wa mashine, akaficha kamera ya kutazama vidole, na jioni akawa na kadi ya pili iliyo sawasawa na yako. Wewe kadi yako ungali nayo mfukoni, na pesa zimekwisha kwenda. Chipu haikubali mchezo huo. Ndani yake mna siri isiyotoka nje, na kwa kila malipo hutoa jibu jipya. Jibu la leo halifai kesho.

Mabenki ya Ufaransa yalimaliza kuweka chipu katika kadi zao mwaka 1992. Uingereza, namba ya siri ililazimishwa madukani Februari 2006. Hapa Kenya mabenki yalishika njia hiyo chini ya umoja wao, Kenya Bankers Association, na kufikia 2014 wateja walikuwa wakibadilishiwa kadi. Marekani walichelewa. Mwishoni mwa 2013 wezi walichukua habari za kadi kama milioni 40 katika maduka ya Target, na kanuni mpya ikaanza kuwabana wenye maduka Oktoba 2015.

Hapo hatuna ugomvi na mtu. Ugomvi wetu ni huu unaofuata.

Kampuni za kadi ziliposukuma chipu ziliweka kanuni: hasara ya wizi wa kadi bandia itamwangukia yule ambaye hajahama. Benki ikitoa kadi ya chipu na duka likabaki na mashine ya ukanda, upande wa duka utabeba. Duka likihama na benki isihame, benki itabeba. Kanuni hiyo ina busara yake, maana tajiri hahami mpaka mfuko wake uguswe. Lakini isomeni tena. Imetaja benki, imetaja duka. Mfanyakazi yuko wapi? Hayumo. Wakubwa wamegawana hasara mezani, na mfanyakazi hakuitwa kwenye meza hiyo.

Matokeo yake ni haya. Zamani mtu wa Kayole aliyetolewa pesa usiku akiwa amelala kwake aliweza kwenda benki na kusema, "Kadi yangu imenakiliwa." Leo anaweza kujibiwa: "Chipu hainakiliki. Namba yako ya siri imetumika. Basi ni wewe, ama umempa mtu namba." Na mkataba aliotia sahihi, wenye herufi ndogo kama mchanga, kwa kawaida husema kwamba kila kitu kilichofanywa kwa namba ya siri ni juu yake. Shahidi ni mashine ya benki, hakimu ni benki, na mshitakiwa ni mwenye mshahara.

Je, ni kweli kwamba chipu haikosei? Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kadi ya chipu iliyoibwa iliweza kutumika dukani na mtu asiyejua namba ya siri, na risiti ikaandika kwamba namba imehakikishwa. Tena, geuzeni kadi zenu. Nyingi zenye chipu mbele bado zina ule ukanda nyuma. Mlango umetiwa kufuli mpya, na dirisha la zamani li wazi. Mastercard wenyewe walitangaza mwaka 2021 kwamba ukanda utatoka katika kadi zao kufikia 2033. Mpaka wakati huo, asiambiwe mfanyakazi kwamba nyumba imefungwa.

Bwana Meneja atasema: benki haiwezi kumlipa kila mwongo anayedai ameibiwa. Nasi hatusemi hivyo. Twasema mwenye daftari, mwenye kamera na mwenye mashine ndiye athibitishe. Hilo si jambo la ajabu. Marekani, tangu sheria ya 1978, ni juu ya benki kuonyesha kwamba mteja aliruhusu malipo yale. Uingereza, kanuni za malipo za 2009 zilisema kwamba kutumika kwa kadi katika kumbukumbu za benki, peke yake, si lazima kuwe ushahidi wa kutosha. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kulindwa katika mali yake na kulipwa fidia kwa huduma yenye kasoro.

Wazee wetu walivalishwa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mfanyakazi alikibeba, lakini neno lililoandikwa ndani lilikuwa la tajiri. Hatukubali kadi nayo iwe hivyo.

Na sisi wenyewe tuambiane ukweli. Mitaani kwetu wako mashailoki wanaoshika kadi ya mtu na namba yake ya siri kama rehani. Siku ya mshahara shailoki amefika kwenye mashine kabla ya mwenyewe. Chipu haiwezi kumzuia, kwa kuwa kadi ni ya kweli na namba ni ya kweli. Na mtu aliyetoa namba yake kwa shailoki, siku akiibiwa kwa njia nyingine, amekwisha ipa benki jibu. Mwenye shida aende kwenye SACCO. Na matajiri wajue kwamba mtu anayelipwa mshahara unaofika mwisho wa mwezi haweki kadi rehani.

Silaha tunayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 17, yasema mshahara ukilipwa benki, huwekwa katika akaunti aliyoitaja mfanyakazi mwenyewe. Si tajiri anayechagua benki. Mfanyakazi mmoja akihamisha akaunti, meneja hatajua. Kiwanda kizima kikihama, atakuja mwenyewe mlangoni kuuliza tumekosewa nini.

Twataka haya:

1. Pesa zikitoka bila ruhusa ya mwenyewe, benki ndiyo ithibitishe. "Namba imetumika" si ushahidi wa kutosha.
2. Mlalamikaji aonyeshwe kumbukumbu za mashine na picha za kamera, na ajibiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili akitaka.
3. Kadi inayobadilishwa kwa kasoro au kwa wizi wa mashine isitozwe hata senti.
4. Mashine za pesa za hapa nchini zikatae ukanda kwa kadi yenye chipu.

Wajumbe wa kila kiwanda waandike majina ya wanachama waliopoteza pesa, pamoja na tarehe, mashine na jibu walilopewa na benki, walete katika mkutano ujao wa tawi. Asiyekuwa na karatasi aende benki akaidai. Tutakwenda kwa meneja na orodha mkononi.

UMOJA NI NGUVU.