Taa za walima: tuulize kwanza umeme unapita wapi

Wazee wetu waliangaza walima na maulidi kwa karabai. Moto wake ulionekana, mvumo wake ulisikika, na mtoto alijua pasi na kuambiwa kwamba akiigusa ataungua. Leo viwanja vya shughuli mjini Shinyanga, Kahama na Geita hupambwa kwa mashada ya taa za LED zinazobadili rangi na kukimbizana juu ya turubai. Taa hizi hazionyeshi moto wala hazivumi, na ndiyo maana tumeona haja ya kuzizungumza na wazazi.

Mtindo wa taa kukimbizana si mgeni. Katika viwanja vya pembea vya Ulaya, globu zilifungwa kwa mafungu matatu au manne. Fungu moja likiwashwa, jingine lilizimwa, na jicho likaona mwanga unatembea. Globu zote za fungu zilitii amri moja. Taa za sasa zina chipu ndogo kila moja, pamoja na nukta tatu za mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mfano wake ni wageni walioketi safu moja wakipokezana sahani za pilau: wa kwanza huchukua yake, zilizosalia huzipitisha kwa wa pili, naye vivyo hivyo hadi mwisho. Hivyo kila taa hupata rangi yake. Mmoja akiacha kupitisha, walio mbele yake hukosa. Kwa sababu hiyo taa moja ikiharibika, zote zinazoifuata zinaweza kuzimika.

Faida yake ni kubwa. Globu 100 za wati 15 zikiwaka saa 5 hula uniti 7.5 za LUKU. Taa 100 za LED za volti 5, hata zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, hula takriban wati 30. Kwa saa hizohizo hazifiki robo ya uniti.

Hata hivyo, mashada yanayofanana kwa macho hutofautiana kwa hatari. Lipo linalopitia adapta inayoshusha umeme wa volti 230 hadi 5, 12 au 24. Adapta ikiwa nzima, mtoto akishika waya uliochubuka upande wa taa hatarajiwi kupigwa shoti. Lipo jingine ambalo plagi yake huchukua umeme moja kwa moja, na hatari ya volti 230 husafiri nao katika shada zima. Kijisanduku chenye kitufe cha kubadili mitindo kisitudanganye: mara nyingi huchagua mpangilio tu, hakishushi umeme.

Basi kabla ya kumlipa fundi wa mapambo, tumuulize mambo matatu.

Kwanza, adapta iko wapi, na imeandikwa volti ngapi upande wa kutolea? Asiyeweza kuionyesha, mashada yake yasitundikwe mahali mikono ya watoto inapofika.

Pili, waya unatosha? Taa 100 za volti 5 huweza kuvuta ampea 6, na taa 300 ampea 18. Waya mwembamba hupata moto, na nyeupe ya taa za mwisho hugeuka kuwa na wekundu. Fundi ajuaye kazi huingiza umeme katika sehemu zaidi ya moja ya shada.

Tatu, mvua ikinyesha itakuwaje? Adapta na viungio vikae juu, penye paa, si chini ya jamvi. Na kiungio kilichofungwa kwa kipande cha rambo kisikubaliwe.

Tunajua kamati za harusi hubanwa na bajeti. Ikibidi kupunguza, tupunguze idadi ya mashada, tusipunguze ujuzi wa fundi wala ubora wa waya. Na siku ya shughuli, ateuliwe mtu mzima mmoja anayejua swichi kuu ilipo na aliye tayari kuizima mara moja. Walima yenye taa chache ni walima kamili. Mtoto akipigwa na umeme uwanjani, hakuna atakayekumbuka rangi za taa.