RISALA YA WACHIMBAJI WADOGO NA WAKAZI WA RUNZEWE KWA MHESHIMIWA MKUU WA WILAYA YA BUKOMBE KUHUSU MARUNDO YA VIFUSI MACHIMBONI

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Afisa Madini Mkazi,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Viongozi wa Serikali za Vijiji,

Kwa heshima na taadhima, sisi wachimbaji wadogo, waokotaji wa magwangala (mawe ya mabaki yanayookotwa kutafutia dhahabu) na wakazi tunaopakana na machimbo tunashukuru kupewa nafasi ya kueleza yanayotusibu. Tangu tukiwa Mkoa wa Shinyanga, kabla Mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012, dhahabu imetusomeshea watoto. Hatuombi machimbo yafungwe. Tunaomba vifusi vipimwe.

1. Mheshimiwa, vifusi humwagwa kwenye midomo ya maduara tunamochimba na kingo za mashimo ya wazi, kwa kuwa kuvisogeza mbali ni gharama. Kifusi kikavu hujilaza chenyewe kwa mwinamo wa nyuzi 35 hadi 40 hivi, kikaonekana kimetulia, kumbe uzito wake unakandamiza ukingo ambao chini yake kuna vijana wetu. Kwenye rundo moja tuliona ufa juu kabisa, sambamba na ukingo. Tulipigilia kigingi kila upande na kufunga kamba iliyolegea. Mvua zilipoanza, kamba ilikaza hadi kigingi kimoja kikainama. Tulimweleza mwenye eneo, akasema kazi iendelee, nasi tukaendelea kwa sababu ya njaa. Tunaomba wataalamu waje na vifaa wapime urefu, mwinamo, udongo na maji ya kila rundo, na panapoonekana ufa, kazi chini yake isimame siku hiyo hiyo.

2. Akina mama wenye nyundo na ndoo huokota magwangala kwenye kitako cha rundo, kwa kuwa mawe makubwa yakimwagwa hubingirika hadi chini. Kitako hicho ndicho kinacholizuia rundo lote. Kila ndoo inayotoka inalipunguzia egemeo. Wengine wana watoto mgongoni. Wakifukuzwa asubuhi hurudi jioni, na hatuwalaumu, maana hawana shamba wala duara. Tunaomba wasifukuzwe, bali watengewe uwanja tambarare ambako magwangala yatatandazwa, waokote bila mlima juu ya vichwa vyao.

3. Masika ndiyo hofu yetu kubwa. Maji huingia ndani ya kifusi, huongeza uzito na kuzisukuma chembe za udongo hadi zinapoteza mshikamano. Marundo mengine yamekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa huteleza. Januari 2024, baada ya mvua kubwa, wachimbaji zaidi ya 20 walifunikwa na kifusi na kufariki katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi. Hata nchi zenye wataalamu wengi zimelia: mwaka 1966, kule Aberfan, Wales, rundo la taka za makaa ya mawe lililojengwa juu ya chemchemi liliporomoka na kuua watu 144, wakiwamo watoto 116. Tunaomba kabla ya kila msimu wa mvua ichimbwe mitaro ya kukinga maji juu ya marundo, na yale marefu yakatwe ngazi ngazi. Rundo jipya lisianzishwe kabla ya kukagua udongo wa chini yake.

4. Mpango wa utunzaji wa mazingira wa mwenye leseni hatuujui sisi tunaolala jirani. Tunaomba matokeo ya vipimo yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.

5. Mashimo yaliyoachwa bado yana vifusi kandoni, na watoto hupita hapo wakienda shule. Tunaomba wahusika wayafukie au wayazungushie uzio.

Mheshimiwa, tuko tayari kujitolea nguvu kazi kuchimba mitaro, na kuchagua watu wawili katika kila eneo wafundishwe kukagua nyufa kila asubuhi kabla watu hawajashuka.

Tunaomba kuwasilisha.

Wachimbaji wadogo na wakazi,
Runzewe, Bukombe